Mama Pampu Atafuta Gari

Kabla hajaitwa Mama Pampu alikuwa karani wa stoo. Kwa miaka kumi na moja alikaa nyuma ya dirisha dogo lenye wavu katika ofisi ya maji, akiwapa mafundi vipuri: washa, vali, fimbo za pampu, mipira ya kuzuia maji yasivuje. Kila kilichotoka kilipita mikononi mwake, na kila kilichorudi kibovu alikigeuzageuza mpaka ajue kimekufaje. Kitengo cha matengenezo kilipofungwa, mafundi walitawanyika kila mmoja na njia yake, naye akabaki na funguo za stoo tupu na kichwa kilichojaa pampu. Alianza na kisima cha jirani. Mwaka wa tatu alikuwa akihudumia visima ishirini na tatu, vingine viko mbali kabisa, huko vilimani ambako barabara inageuka kuwa njia ya mbuzi.

Alikuwa na starehe moja tu, kuwinda. Kila msimu ulipofunguliwa alilipia kibali chake na kwenda kutafuta swala pamoja na shemeji yake, mdogo wa mumewe, mtu wa maneno mengi na shabaha nzuri. Mumewe mwenyewe, mwalimu wa hesabu, hakuwahi kushika bunduki. Alisema katika familia lazima awepo wa kula.

Safari zote hizo, za kazi na za mawindo, alizifanya kwa pikipiki yenye tela dogo nyuma. Siku moja ya mvua, akishuka kilima kimoja njiani kwenda kwenye kile walichokiita kisima cha juu, tela lenye mabomba sita liliisukuma pikipiki kwa nyuma. Aliamka akiwa mtaroni, mfupa wa bega umevunjika, mabomba yametapakaa kama njiti za kiberiti.

Alifungwa mkono wiki sita. Katika wiki ya pili ujumbe ulimfikia kwamba kisima cha juu bado hakitoi maji, na wanawake wa huko wanashuka hadi mto wa bondeni, saa mbili kwenda na kurudi, wakiwa na ndoo kichwani. Habari hiyo ilimuuma kuliko mfupa.

"Pikipiki sasa basi," mumewe alisema jioni hiyo, akimfunga kitambaa upya. "Tununue gari."

"Gari gani, Mwalimu?"

"Lolote lenye viti."

"Hata kinyozi ana viti," alimjibu, akacheka, bega likamkumbusha kwamba halipendi kicheko.

Akiba yao ilitosha gari moja, wala haikuwa na nafasi ya kukosea. Kwa hiyo mkono ulipofunguliwa, jambo la kwanza alilofanya halikuwa kwenda kutazama magari. Aliomba lifti hadi kwenye daraja la magogo, lile linalovushwa kabla ya kupanda kwenye kisima cha juu, akalipima upana kwa kamba na kufunga fundo. Kisha akapima bomba moja, mita tatu, akafunga fundo la pili. Kamba hiyo akaitia mkobani, akawa anakwenda nayo kila mahali.

Alianzia kwenye yadi ya magari mjini, akiongozana na Shemeji. Muuzaji alikuwa bwana mtanashati ambaye viatu vyake viling'aa kuliko magari yake. Aliwapeleka moja kwa moja kwenye gari kubwa jeupe lenye kioo cha picha katikati ya dashibodi.

"Hili, mama, linapanda hata ukuta."

"Ukutani sina kazi," alisema Mama Pampu, akalaza kipande cha kadibodi chini na kujisukuma uvunguni. Alipotoka alitandaza kamba mbele ya bampa. Gari lilizidi fundo la daraja kwa shubiri nzima.

"Daraja linaweza kupanuliwa," alisema muuzaji.

Shemeji alicheka mpaka akaegemea mlango. Mama Pampu hakucheka. Aliuliza, "Likinizimikia mlimani, nalifungua wapi nione limepatwa na nini?"

"Hili halizimiki."

Alikunja kadibodi yake, akamshukuru muuzaji kwa muda wake, akaondoka. Miaka yote ile ya dirishani hakuwahi kuona kitu kisichozimika.

Shemeji naye alikuwa na lake moyoni. Alitaka wachukue pikipiki ya magurudumu manne, zile za wawindaji wenye uwezo, na tayari alikuwa amempata mwenye shamba aliyetaka kuuza yake. Walikwenda Jumamosi asubuhi. Kwa kweli ilikuwa na raha yake. Mama Pampu alizunguka nayo shamba zima, akaipandisha kichuguu, akaivusha shimo la maji, na tangu aanguke ilikuwa mara yake ya kwanza kupanda kitu chenye injini bila moyo kumwenda mbio. Darajani ingepita na kubakiza nafasi ya mtu kusimama. Lakini aliponyoosha kamba hadi fundo la bomba, zaidi ya nusu ya urefu ilining'inia hewani.

"Utaweka tela," Shemeji alisema haraka.

Aligusa bega lililovunjika. Shemeji alielewa, akashusha sauti. "Basi tuseme kwa swala inafaa."

"Kwa swala inafaa sana. Lakini swala ni siku chache kwa mwaka, Shemeji. Mabomba ni kila wiki."

Shemeji alinuna siku mbili. Siku ya tatu alikuja kunywa chai kama kawaida.

Habari za gari la tatu zililetwa na Mwalimu. Mkunga mmoja aliyestaafu, bibi wa mwanafunzi wake, alikuwa anauza pikapu ndogo ya kijani yenye sura ya kisanduku, ambayo alizungukia vilima kwa miaka kumi na sita. Walimkuta uani ameketi kwenye kigoda, daftari mapajani. Hakuwaonyesha gari. Alianza kumhoji Mama Pampu kama mtu anayeposwa binti yake.

"Unaendesha mwenyewe au unaendeshwa?"

"Mwenyewe."

"Ukifika mtoni, maji yamejaa, unafanya nini?"

"Naingiza gia nzito, navuka."

"Kosa," alisema mkunga. "Unashuka, unavua viatu, unayapita maji kwa miguu yako kwanza. Ukirudi mzima, ndipo unamuuliza gari kama naye yuko tayari."

Kisha akafungua daftari na kusoma magonjwa ya pikapu, moja baada ya jingine, bila kuona haya. Gia ya tatu inalia. Mlango wa abiria hufunguka wenyewe ukikata kona ya kushoto. Asubuhi ya baridi injini hukohoa, na mwenye haraka atamaliza betri. Viti vya ndani vimechakaa. Lakini magurudumu yote manne yanavuta, na spea zake zinapatikana hata kwa muuza misumari.

Waliliingiza kwenye njia ya mawe nyuma ya nyumba. Lilizimika mara moja tu, kwa sababu Mama Pampu aliachia klachi mapema, likawaka tena, likapanda polepole bila kuteleza. Upana wake ulikuwa ndani ya fundo. Mabomba yangelala bodini, ncha zikitokeza kidogo tu. Alirudi nyumbani ameshaamua, na usiku huo alilala usingizi mzito.

Kesho yake, kwa ruhusa ya mkunga, alilipeleka kwa Mzee Grisi, fundi wa magari aliyeaminika mtaa mzima. Mzee Grisi hakufungua boneti. Aliingia uvunguni na nyundo ndogo, akawa anagonga chesisi, fremu ya chuma inayobeba gari zima, ti, ti, ti, kutoka mbele kuelekea nyuma. Karibu na springi ya nyuma mlio ukabadilika.

"Njoo usikilize," alisema.

Mama Pampu aliingia, akakwangua tope kwa kidole. Chini ya tope palikuwa na rangi ya zamani, na chini ya rangi palikuwa na ufa, mrefu kama kalamu.

Alirudi kwa mkunga akiwa na hasira ya mtu aliyeaminishwa. Lakini alipoeleza alichokiona, uso wa yule mama ulimzuia kuendelea. Mkunga alifungua daftari, akalipekua lote, akalifunga.

"Sikujua," alisema. "Nimepakia watu humo. Wengine uchungu umeshawashika." Alilisukuma daftari kando. "Siliuzi tena."

"Sijasema silinunui," alisema Mama Pampu, na maneno hayo yalimshangaza yeye mwenyewe.

Nyumbani Shemeji alikuwa wa kwanza kupinga. "Gari lenye ufa unalitakia nini? La yadi lilikuwa halina ufa."

"La yadi hatukuligonga nyundo."

Mwalimu alikuwa akisahihisha madaftari. Aliweka kalamu chini. "Ufa huo unatengenezeka?"

"Ukikatwa ukaungwa vizuri, pale patakuwa na nguvu kuliko pengine."

"Nani atahakikisha umeungwa vizuri?"

"Mimi."

"Basi mimi sina swali," alisema, akarudi kwenye hesabu za watu.

Walipatana na mkunga kwamba gari litengenezwe kwanza, bei na malipo baadaye. Bodi iliinuliwa na wanaume sita, chesisi ikabaki wazi juu ya mapipa. Mama Pampu aliisugua kwa brashi ya waya siku mbili, mkono wa bega zima ukifanya kazi kubwa. Kisha alifanya lile alilozoea kufanya kwenye mabomba: alipaka mafuta ya taa chuma kizima, akayafuta, akapaka unga wa chaki. Penye ufa mafuta huwa yanabaki ndani, na chaki huyavuta nje, mstari mweusi ukajichora wenyewe. Aliona ule waliokuwa wakiujua, na mwingine mdogo upande wa pili, ambao hata nyundo ya Mzee Grisi haikuusikia.

Mchomeleaji alitaka kuziba juu juu. Alimkataza. Alisimama pale mpaka nyufa zote zikachimbwa, zikajazwa, zikafunikwa kwa bamba la chuma ndani na nje, kisha akarudia chaki yake. Safari hii chuma kilibaki cheupe. Mkunga, aliyekuja kila alasiri na kigoda chake, aliinama akatazama kwa muda mrefu, halafu akatoa funguo mfukoni bila kuombwa.

Jumamosi iliyofuata walipanda kwenye kisima cha juu, mabomba sita nyuma, Mwalimu kando yake ameushika ule mlango kwa mkanda wa suruali. Darajani Mwalimu alishuka akatangulia kwa miguu, akirudi kinyumenyume na kumwelekeza kwa mikono, huku akihesabu magogo kwa sauti. Yalikuwa arobaini na moja. Kwenye mwinuko wa mwisho gari lilikwenda mwendo wa mtu anayetembea, likinguruma, na Mama Pampu akagundua kwamba anaongea nalo.

Mwenyekiti wa kisima, mama mfupi mwenye sauti nzito, alikuwa amesimama njiani na kundi la wanawake.

"Umechelewa," alisema.

"Nimechelewa, mama. Nisamehe."

Mama yule alilizunguka gari, akagusa bodi. "Kumbe ulikuwa unajipanga. Shusha vitu vyako."

Walitoa mabomba yaliyooza, wakashusha mapya, wanawake wakivuta kamba kwa zamu. Saa nane mchana pampu ilitoa maji ya kahawia, kisha ya rangi ya maziwa, kisha maji. Hakuna aliyepiga kelele. Walipanga ndoo foleni, wakaanza kubishana nani alitangulia, na Mama Pampu akaketi kwenye jiwe kuwasikiliza, akipangusa mikono yake.

Msimu wa kuwinda ulifunguliwa mwezi uliofuata. Yeye na Shemeji waliacha gari chini ya ukingo wa kilima alfajiri, wakatembea saa nzima dhidi ya upepo. Mama Pampu alimlenga swala mmoja, akaona ni jike anayenyonyesha, akashusha bunduki. Shemeji alimpata dume mzee kabla jua halijawa kali. Mama Pampu alirudi kuleta gari hadi pale, wakampakia bodini, na Shemeji, akijifuta jasho, alikiri kwamba kumbeba yule kwa mgongo hadi barabarani kungemuua.

"Ile ya magurudumu manne ingekuwa na raha zaidi lakini," aliongeza.

"Inunue, Shemeji. Nitakuvuta ukikwama."

Walisimama kileleni ambako simu hupata mtandao. Ya Mama Pampu ikaita papo hapo. Alikuwa mwanamume mwenye sauti ya wasiwasi, akipiga kutoka upande wa pili wa safu ya vilima, ambako Mama Pampu alikuwa hajawahi kufika. Alisema wana kisima kilichokufa miaka minne, na mafundi wote waliowaomba wamesema njia haipitiki.

Mama Pampu alimwashiria Shemeji kwamba wasishuke bado, akatafuta kalamu.

"Niambie kwanza kina chake," alisema. "Halafu uniambie njia ilivyo, kuanzia pale lami inapoishia."