Mama mkwe bado analaza watoto kwa tumbo, na hajui kilichompata binti yangu

Admin, usiweke jina langu. Mimi ni mama wa miaka ishirini na saba, naishi Nyamasaria na mume wangu. Nilikuwa na mtoto, sasa sina.

Imani wetu alipozaliwa mwaka jana, mama mkwe alitoka kijijini kwao Pap Onditi kuja kunisaidia. Sitamsema vibaya. Alinipikia uji, alinikanda kwa maji moto, alimbeba mtoto kuliko mimi. Lakini kule kliniki nesi alikuwa ametuambia mtoto mchanga alale chali, mahali pagumu kidogo, bila mto wala blanketi laini karibu na uso. Nilipomwambia mama, alicheka. "Nimelea saba kwa tumbo, na mmoja wao ni huyo bwana yako. Chali mtoto anashtuka, tena maziwa yatampalia." Nikimgeuza, anamrudisha. Nikachoka kubishana.

Siku hiyo nilikuwa nje naanika nguo. Mama alimlaza kwa tumbo juu ya blanketi iliyokunjwa, akaenda jikoni kusonga ugali. Nilipoingia kumnyonyesha, uso wake ulikuwa umezama kwenye blanketi. Nilimgeuza. Nilichoona sitaandika hapa.

Hospitali, daktari alituita pembeni, mimi na mume wangu. Alisema hawezi kuapa ni nini hasa kilimchukua, lakini kulala hivyo juu ya kitu laini ni hatari, na tukipata mwingine tumlaze chali kila mara, hata usingizi wa mchana. Tulipotoka mume wangu alinishika mkono. "Mama asisikie haya. Utamuua."

Kwa hivyo mama aliambiwa ni homa. Kwenye mazishi alilia mpaka akashikiliwa. Mimi sikulia, na mpaka leo sijalia. Nafagia, napika, naenda kanisani, watu wanasema nina nguvu. Si nguvu. Sisikii kitu. Wote wameacha kuniita Mama Imani, isipokuwa mama mkwe.

Sasa mke wa shemeji yangu, huko Migosi, amejifungua mvulana, na mama ameenda kumsaidia. Juzi huyo mke wa shemeji alinitumia picha: mtoto amelala kwa tumbo, blanketi laini chini yake. Nilimpigia hapo hapo.

"Mlaze chali, tafadhali."

"Nilijaribu, mama akakataa. Anasema amelea wengi na hakuna aliyepata shida."

Nikamsikia mama nyuma yake, "Ni Mama Imani? Msalimie sana."

Nilimwambia mume wangu lazima tuseme ukweli, yule mtoto ni damu yao. Akaweka sahani chini. "Mama ana presha. Nimeshazika mtoto. Unataka nizike na mama?" Hata hasira sikupata. Nilitoa vyombo nikaosha.

Nikisema, namvunja mwanamke aliyempenda binti yangu, na pengine narudishwa kwetu. Nikinyamaza, naogopa hata kuandika.

Asubuhi hii mke wa shemeji ameniandikia kwamba mtoto siku hizi analala sana, hasumbui kabisa. Nimesoma, nikavaa viatu niende Migosi. Mume wangu yuko kazini, hajui. Bado nimekaa kwenye kiti na simu mkononi. Wenzangu, nishaurini: mama akinifungulia mlango, nianze na neno gani?