Mkubwa Mwenye Kofia

Mimi sikuzaliwa na mkono wa kutupa kitu. Hata kuku wa jirani walilijua hilo: nikiwarushia jiwe, wanaendelea kudonoa mihogo yangu kama hawakuona. Basi muuguzi mmoja Mswidi alipotuletea sisi manesi wa zahanati ya Koboko mchezo wa kwao, miaka ile ya sabini jeshi likitawala, nilisema jamani, hapa nitachekwa mpaka nihame mji.

Mchezo wenyewe ni rahisi kueleza. Kuna pande mbili, na kila upande unasimamisha vigogo vitano vya mbao kwenye nyasi, halafu mnatupa vijiti kuangusha vigogo vya wenzenu. Katikati kinasimama kigogo kimoja kirefu. Hicho hakiguswi mpaka vya wenzenu vyote vimelala. Ukikiangusha mapema umeshindwa papo hapo. Ukikiangusha mwisho umeshinda. Kijiti kinatupwa kwa chini, mkono ukipita karibu na goti. Miezi miwili vijiti vyangu vilipiga ukuta, vikapiga ndoo, kimoja kikampata mgonjwa wa malaria kwenye kisigino. Mwezi wa tatu mkono ukafunguka. Nikawa napiga ninachotaka, na majivuno yangu hayakuwa na kipimo.

Vigogo alivichonga baba yangu, seremala. Mswidi alimchorea karatasi, na kile kirefu alikiwekea meno-meno kichwani, kama taji. Kwao kinaitwa mfalme, lakini Kiswahili chake kilikuwa cha kubahatisha, na neno hilo hakuwa nalo. Akasema, "Huyu mkubwa ya wote." Baba alikuwa ametengenezea wanajeshi vitanda na makabati nusu ya maisha yake. Kwetu ukisema mkubwa, watu wanaangalia mabega kuona nyota. Basi akachonga kofia ya afisa, na ukingo wake wa mbele, safi kabisa.

"Baba, hii kofia!" nilimwambia.

"Mkubwa bila kofia ni mkubwa gani?" Akakipindua kigogo na kutia alama yake chini, mikato mitatu ya patasi. Kila kitu kilichotoka mkononi mwake kilikuwa na mikato ile, kitanda, kiti, hata jeneza.

Ilinipasa kukichoma kile kigogo siku ileile, maana kuangusha mkubwa mwenye kofia ya jeshi si mchezo tena. Wakati ule mtu aliitwa aende kujibu swali moja tu, na harudi. Jirani yetu aliitwa kwa ajili ya redio, eti anasikiliza stesheni za nje. Aliondoka na kandambili, na viatu vyake vikakaa mlangoni mpaka mkewe akavigawa. Yote hayo niliyajua, lakini mchezo ulikuwa umenikolea.

Jumamosi moja mchana tulikuwa tunacheza nyuma ya zahanati. Vigogo vya wenzetu vyote vilikuwa vimelala, nami nilibaki na vijiti viwili. Wenzangu wakapiga kelele, "Angusha mkubwa! Angusha mkubwa!" Halafu wakanyamaza wote kwa mara moja. Nikageuka. Sajini mmoja, aliyekuwa amemleta mkewe mjamzito kupimwa, alikuwa amesimama kwenye kona ya nyumba.

Alikiangalia kile kigogo. Akaiangalia kofia.

"Nani ametengeneza hii?"

"Imetoka kwao Uswidi, afande, ndani ya sanduku," nikasema. Mswidi alinitazama akafumba mdomo, na Mungu ambariki kwa hilo.

"Basi tupa. Mimi naangalia."

Ndipo akili ikanijia. Kikisimama, chini yake haionekani. Kikianguka, ile mikato mitatu itamtazama usoni, na baba yangu amekwisha. Yallah! Miezi mitatu najifunza kulenga, sasa niombe nikose.

Kijiti cha kwanza nilikirusha mbali, kikaingia kwenye majani. Cha pili kiliniponyoka, kikaenda moja kwa moja mahali nilipokuwa nimezoea kukipeleka. Kilipita pembeni ya kofia kwa upana wa kidole. Sajini akacheka.

"Sista, wewe iko bure kabisa. Leta."

Akaokota kijiti akakitupa kwa juu, kama mtu anayepiga nyoka. Mkubwa akaanguka chali, matako yake yametuelekea. Sajini akaenda, akakiinua, akapitisha dole gumba kwenye mikato. Moja. Mbili. Tatu.

"Hii alama iko kwa kitanda yangu."

Nilihisi mkojo ukinitoka, na sioni haya kusema.

"Huyu fundi ni mzee yako?"

"Ndiyo, afande."

"Ambia yeye, mguu moja ya kitanda inalia. Akuje leo na vyombo yake." Akakitia kigogo kwapani, akamwita mkewe, wakaenda.

Baba hakunigombeza nilipomweleza. Ningefurahi kama angenigombeza. Alitia randa, patasi na nyundo kwenye mfuko, akavua saa yake akanipa. "Shika," alisema, "inanibana." Haikuwahi kumbana hata siku moja. Nilikaa kizingitini naitazama saa ile, na viatu vyake vya kanisani vilikuwa pale pembeni yangu. Nikaviingiza ndani, nikavisukuma chini ya kitanda. Sikutaka kuviona mlangoni.

Jua lilikuwa linaelekea kuzama alipotokea barabarani, anatembea taratibu, mfuko begani. Nilimshika mikono yote miwili nikalia kama mtoto. Akatoa kigogo mfukoni. Kichwa kilikuwa kimerandwa, laini kama mwiko.

"Kitanda kilikuwa kinalia kweli?" nikamuuliza.

"Kitanda kizima kabisa. Alifunga mlango na dirisha, akaniambia, 'Mzee, kata hii kofia. Mutu ingine akiona, atauliza mimi niliona na nilifanya nini.'" Baba akakaa chini. "Nilipomaliza akapiga magoti, akaokota maranda yote sakafuni, kipande kwa kipande, akayatia kwenye jiko ayachome. Alishindwa kuwasha kiberiti, njiti zilimvunjikia. Ikabidi nimwashie mimi."