Vijiji Vilivyomlilia Dada Yangu

Sanduku la bati lilipofunguliwa shuleni, harufu ilitoka kabla ya nguo: moshi wa koroboi, jasho la watu nisiowajua, na kitambaa kilichokunjwa miaka mingi bila kuona jua. Ndani mlikuwa na taji la bati, gauni jekundu lililoshonwa kwa pazia, na daftari la mchezo wa kuigiza ulioletwa kwetu Kibakwe na wamisionari Waingereza, enzi za Malkia wao Viktoria. Mchezo wenyewe ulimhusu malkia wa kale zaidi, aliyeuawa kwa amri ya binamu yake. Mwalimu Lazaro, aliyetufundisha historia, alisema kuwa huko Uingereza waigizaji walizunguka nao mji hadi mji, na wazee wetu nao wakautembeza Ugogo kwa miguu. Kurasa za mwisho za daftari zilijaa majina ya vijiji ulikochezwa, kila kizazi na mwandiko wake. Waliomwigiza malkia zamani wote walikuwa wanaume waliojifunga kaniki chini ya gauni. Dada yangu Nyemo, mwenye miaka kumi na sita, alikuwa msichana wa kwanza kulivaa lile gauni.

Mimi nilikuwa na miaka kumi, nikaigiza binti wa malkia. Kazi yangu kubwa ilikuwa kutembea kando ya machela aliyobebewa malkia na kuomboleza. Shida ilikuwa jina. Kila nilipolitaja jina la malkia wa Kizungu kwenye mazoezi, watu waliangua kicheko. "Wakicheka msibani tumekwisha," alisema Mwalimu Lazaro, akalikata kwa kalamu. "Wewe mlilie dada yako. Taja jina lake." Hakuna aliyeona ubaya wowote. Sharti moja la daftari hakuligusa: malkia haamki mbele ya watu. Hubebwa akiwa amefumba macho, akafunikwa, kwetu sisi kwa turubai ndani ya lori, na haruhusiwi kukaa mpaka kijiji kipotee nyuma.

Tulianzia Haneti, mwezi wa Julai, mavuno yakiwa yamekwisha na upepo wa baridi ukipeperusha vumbi jekundu hadi kwenye meno. Tulicheza alasiri, uwanjani. Wengi pale Kiswahili kilikuwa lugha yao ya pili, na mambo ya binamu na kiti cha enzi yaliwapita. Lakini nilipolia, "Nyemo wetu ametuacha!" walielewa wote. Wanawake wa mbele waliweka mikono kichwani. Kilio kilipanda, kikaenea mpaka kwa waliokuwa wakipita njia. Bibi mmoja mwembamba alisogea, akagusa unyayo wa dada yangu, akatuwekea kibakuli cha uwele. "Poleni, wanangu," akaniambia. "Mpelekeni kwao salama." Nilitaka kumwambia kuwa ni mchezo, lakini Mwalimu Lazaro alinikonyeza, macho yake yaking'aa kwa furaha. Ndani ya lori, Nyemo alibaki amelala hata baada ya kijiji kupotea. Nilimtikisa. "Ngoja kidogo," alisema bila kufumbua macho. "Bado wanalia."

Chamwino walilia vilevile. Baada ya mchezo nilimsikia mama mmoja akimuuliza mwenzake, "Si ndiye aliyefariki Haneti? Mbona anakufa tena?" Habari zilikuwa zimetutangulia. Malori ya wanunuzi wa alizeti yalienda haraka kuliko letu, na madereva walibeba maneno pamoja na magunia.

Tulipofika nyumbani Kibakwe, wanawake walikuwa wamekaa mikekani uani kwetu, na mama yangu katikati yao, kichwa kimenyolewa. Nyemo alishuka lorini. Hakuna aliyepiga kelele. Walisogea tu, wakaacha njia pana kupita kiasi. "Shikamoo mama," alisema. Mama hakuitikia. Alimtazama miguu, kama anayetafuta kivuli, kisha akamgeukia Mwalimu Lazaro. "Alikufa mbele ya watu, sivyo? Basi ainuke mbele ya watu. Vinginevyo huyu siwezi kumwingiza ndani." Mwalimu alilitaja sharti la daftari. Mama akamwambia alichemshe hilo daftari anywe supu. Usiku huo dada yangu alilala darasani, na majirani hawakupokea hata maji kutoka mkononi mwake.

Kesho yake alasiri tulicheza mara ya mwisho, uwanjani shuleni. Hakuna aliyelia. Upepo ulikuwa umetulia, jambo geni kwa mwezi ule, na nilisikia hata kamba ya bendera ikigusa mlingoti. Nilishika mkono wa Nyemo. Ulikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Mama akaja mpaka kwenye machela. "Nyemo, inuka." Akamgusa bega. "Nyemo, mwanangu, inuka." Kifua chake sikukiona kikipanda. Watu walianza kurudi nyuma, na Mwalimu Lazaro alikuwa ameshika taji kwa mikono miwili. Ndipo mama akapandwa na hasira yake ya kila asubuhi. "We Nyemo! Jua limefika huku, mtungi mtupu, na wewe umelala tu!" Dada yangu akakurupuka. "Naenda, mama, naenda!" Uwanja mzima ulicheka, mama akacheka akilia, akamshika mkono hadi ndani. Baadaye nilimuuliza Nyemo kwa nini alichelewa kuinuka. "Niliwasikia mkiniita," alisema. "Ila wanaolia wa Haneti walikuwa wengi zaidi."

Sanduku lilifungwa, na Haneti hatukurudi. Nimehama mara nyingi tangu wakati huo, na mwaka huu safari ikanipitisha pale. Siku hizi uvumi wa kifo huzimwa kwa simu kabla chai haijapoa, nami niliamini hata ule wa zamani ungezimika hivyo. Nilimkuta yule bibi mwembamba, mzee sana sasa, akipepeta uwele. Nilipojitambulisha alinipa pole ya dada yangu. Nilicheka, nikampigia Nyemo, anayeuza vitambaa Dodoma mjini, nikaweka sauti juu, nikampa bibi simu. "Shikamoo bibi," alisema Nyemo, "ni mimi, nipo hai!" Bibi aliinamisha sikio, akasikiliza kwa makini, kisha akanirudishia simu taratibu kwa mikono miwili. "Sauti ni yake kabisa," alisema. "Mwambie hatujamsahau." Akaendelea kupepeta. Ndani ya simu, Nyemo alikuwa bado anasubiri marahaba.