Sahani ya Bi Shamsa

Sauti ndiyo iliyonirudisha nyuma. Jumamosi moja alasiri, hapa Tudor ninapoishi sasa, binti yangu alikuwa amejilaza kwenye kochi akitazama filamu ya zamani kwenye simu. Nikasikia mlio mwembamba unaopanda na kushuka, kama birika linalotaka kuchemka likasita. Nilijua kabla sijaangalia: viumbe wa angani walikuwa wanateremka. Nilikaa kando yake nikaitazama hadi mwisho.

Mara ya kwanza niliiona nikiwa na miaka minane, nyumbani Kibokoni, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Ramadhani ilikuwa imebakiza siku chache kuingia. Mjomba Athumani, mdogo wake mama, aliazima mahali kaseti ya filamu ya Kizungu isiyo na rangi, kuukuu kumshinda yeye mwenyewe. Sisi watoto hatukukijua Kiingereza, kwa hiyo mjomba alitutafsiria, na niwaambieni ukweli, Kiingereza cha mjomba kilikuwa cha kuombea maji. Aliposhindwa, alitunga. Viumbe wale warefu waliuchoma mji nyumba baada ya nyumba, kisha mwanamke mmoja akaonekana jikoni kwake, ameshika simu, analia.

"Asema," mjomba akatuambia kwa sauti ya chini, "tuliwapa chakula chetu siku moja tu, wakaijua njia ya nyumbani."

Wenzangu walicheka. Mimi niliganda.

Nyuma ya nyumba yetu, kwenye chumba cha chini, walikuwa wamehamia watu kutoka Barawa, ng'ambo ya mpaka, waliokimbia vita: Bi Shamsa, mjane, na wanawe watatu. Walikuja na mabunda mawili na mkeka. Kiswahili chao kilikaribiana sana na chetu lakini kimepindapinda, na hilo ndilo lililonitisha zaidi, kwa sababu viumbe wa kwenye filamu nao walijua kusema lugha ya wenyeji.

Mtaani kwetu hakuna aliyefuturu chakula cha jikoni kwake peke yake. Kabla ya adhana ya magharibi watoto tulipishana vichochoroni na sahani zilizofunikwa, na sahani ya jirani haikurudishwa tupu. Ukikosa kabisa, utatia hata tende mbili. Kurudisha sahani tupu ni kumwambia mtu kwamba humtaki.

Siku ya tatu ya mfungo mama alinipa sahani ya mbaazi za nazi na kaimati nimpelekee Bi Shamsa. Mama alipenda kusema "mgeni njoo, mwenyeji apone," na neno hilo alikuwa akilisema hata kwa wauza mikeka. Nilikwenda nayo hadi kwenye kona. Mlango wa Bi Shamsa ulikuwa wazi, mtoto wake mdogo amekaa kizingitini ananitazama. Nikauona mtaa wetu unaungua, na mama ameshika simu ambayo hata hatukuwa nayo. Nikawamwagia paka chakula chote, nikarudi.

"Wamesemaje?" mama akauliza.

"Hawakusema kitu."

Akaigeuza sahani mkononi. "Watu gani hawa, wasorudisha hata tende?"

Neno moja tu lingetosha, nami sikulisema. Niliogopa kofi, na niliwaogopa wale viumbe kuliko kofi. Maneno ya mama yakafika kwa jirani, na jirani akayapeleka mbele. Kumi la kwanza la mfungo halijaisha, hakuna sahani tena iliyokwenda chumba kile.

Wiki ya mwisho Bi Shamsa alipiga hodi mwenyewe. Alituletea mikate ya mofa mitano, ingali na joto.

"Naona kina mama hapa mwapelekeana futari," akasema. "Nami nisikae nyuma."

Mama alipokea, akashukuru, akamwambia sahani ataletewa. Tuliila mikate ile ikaisha, na ilikuwa mitamu. Kesho yake mama akaiosha sahani, akaifuta, akaifunika kitambaa na kunipa niirudishe. Nilisimama nikingoja atie kitu. Hakutia.

Hiyo niliifikisha. Bi Shamsa alifunua kitambaa, akatazama, kisha akafunika tena taratibu, kana kwamba mna kitu ndani. "Mwambie mamako ahsante," akasema. Baada ya Idi wakahamia kambi ya wakimbizi, nje ya mji, na sikuwaona tena.

Sasa Jumamosi ile, kwa Kiingereza changu cha leo, nilimsikiliza vizuri yule mwanamke wa jikoni. Anasema simu imekatika. Basi. Chakula hakitajwi popote katika filamu nzima.

Kesho yake nilikwenda Kibokoni kwa mama, nikamweleza yote, nalia kama mtoto. Alinisikiliza huku akichambua mchicha.

"Nalikuona," akasema. "Nali dirishani. Nalikuona ukiwapa paka."

Nilimuuliza kwa nini basi alinyamaza, na kwa nini aliwasema watu wasio na kosa.

"Wakimbizi wali wengi mwaka ule, mwanangu. Ukiwapa leo, kesho waona ni haki yao. Nami sikutaka niwe wa kuwanyima; sahani yako tupu ilinipa sababu."

Zaidi ya miaka thelathini nilidhani nilimdanganya mama, na kwamba ningesema kweli, Bi Shamsa angepelekewa sahani nyingine siku ileile. Mimi niliogopa viumbe wa kwenye kaseti. Mama hakuitazama filamu ile hata dakika moja. Alijua fika kuwa wale ni watu, wamefunga na wana njaa, na bado aliifuta sahani yao vizuri akanipa niipeleke. Hasira niliyo nayo sijui niiweke wapi, kwa maana ni mama yangu, na chakula nilikimwaga mimi.