Msingi wa Nyumba ya Mogesi

Mogesi si mtu wa kushindwa na jiwe. Tangu nyumba yake ya udongo ianguke, mjane huyu wa kijiji cha Nyambureti analala jikoni kwa mwanawe pamoja na moshi na kuku, na ameapa mvua za vuli hazitamkuta humo. Mawe ya msingi hakuyatafuta mbali. Nyuma ya shamba lake la mihogo upo ukuta wa mawe wa watu wa kale, umezunguka duara pana, na kwa macho yake hauna mwenyewe. Fundi Revocatus alishaanza kuubomoa.

Ndipo Lilian, mkwewe anayefundisha historia sekondari, alipofika mbio.

"Shikamoo mama. Mnavunja mji!"

"Marahaba. Mji gani? Hili si zizi?"

Lilian akamweleza kwamba huko kusini, Zimbabwe Kuu, watu huvuka bahari kwenda kutazama kuta za mawe. Kisha akaokota chini kijiwe chenye makali. Hiki, akasema, ni cha Zama za Mawe, zamani zaidi. Watu hawakujua kujenga, walichonga mawe wakakatia nyama. Wa ukuta walikuja baadaye sana, wameendelea.

Mogesi alichanganyikiwa kabisa. Wale walikuwa na mawe, zikaitwa zama za mawe. Hawa walikuwa na mawe kushinda wale, ukaitwa mji. Na yeye anayesomba mawe tangu asubuhi aitweje?

"Ukuta uliwasaidia?"

"Walijikinga na wezi wa ng'ombe. Mwishowe walihama."

"Basi niache nijikinge na mvua. Maji nimeshayavulia nguo, sharti niyaoge."

Akang'oa jiwe jingine mwenyewe, kwa hasira. Lilikuwa na bonde katikati, laini kama kiganja. Akalijua mara moja: jiwe la kusagia. Mwanamke fulani alilipigia magoti miaka mingi hadi likalika hivyo, kisha wajenzi wakalitia ukutani kama jiwe lolote.

"Huyu mama ni wa zama zipi?"

"Sijui, mama. Labda wa ukuta, labda wa kabla."

"Na hao wajenzi, walimuuliza?"

Mogesi alikaa chini na jiwe mapajani akilia, wala hajui anamlilia nani.

"Revocatus, rudisha hayo mawe. Nitafyatua matofali."

"Na mvua, mama?" aliuliza Lilian.

"Nitalala na kuku." Akapangusa udongo katika lile bonde. "Na mimi nikifa, jiwe langu la kusagia ulezi msije mkalijengea banda la mbuzi."