Aliyevaa Koti la Mume Wangu

Inasemwa, hapa Sweden, kuanzia Jakobsberg hadi Södertälje, kwamba siku ya mazishi ya mume wangu Zephania, mwanamume mmoja wa Kikongo alivaa koti la marehemu, akaigiza kuchechemea kwake mbele ya jeneza na kumtukana, na kwamba sisi wenye msiba tulinyamaza kwa sababu tulijua tuna kosa gani. Aliyeniletea habari hizo ni Nasma, jirani yangu wa miaka mingi, ambaye naye alizipata harusini. Alinisimulia huku macho yake yako kwenye kikombe cha chai.

Koti lilivaliwa, hilo ni kweli. Kuchechemea kuliigizwa. Matusi hayakuwepo. Jina linalochafuliwa ni la mtu asiyeweza tena kujitetea, kwa hiyo nitaeleza, na nitaeleza mara moja tu.

Zephania alikuwa Mnyamwezi wa Sikonge, mtoto wa fundi seremala na mzee wa kanisa la Moraviani. Alikuja Sweden kujifunza ufundi wa injini, akaajiriwa kiwandani Södertälje, akakaa huko miaka ishirini na sita bila kuchelewa kazini hata siku moja. Mimi ni Mngoni wa Peramiho, nina shahada mbili, na nafundisha watoto Kiswahili katika shule tatu za Botkyrka. Hatukuwa watu wa kusemwa. Nalitaja hili kwa sababu lina uzito katika yaliyofuata.

Mchezo wa raga alifundishwa na Mwingereza waliyekuwa naye zamu moja. Si ile raga ya watu kumi na watano inayojulikana Nairobi na Kampala, bali ya kumi na watatu. Timu yenye mpira huangushwa mara sita. Kila ukiangushwa unasimama, unausukuma mpira nyuma kwa unyayo, mchezo unaendelea. Ukiangushwa mara ya sita, mpira unakwenda kwa wapinzani. Zephania alicheza mpaka goti likaharibika, ndiyo asili ya kule kuchechemea, kisha akawa kocha wa klabu ndogo ya Tumba iitwayo Korparna, yaani Kunguru. Kulikuwa na Waswidi, Wakenya, Waganda, Watanzania wachache. Mtoto wetu wa pekee, Japhet, alikuwa nahodha.

Kijana mmoja Mkongo, jina lake Akili, alijiunga akiwa na miaka ishirini na mbili. Alikuwa akihudumia wazee katika nyumba ya kulelea wazee, mtu mpole mwenye mabega mapana, na akiishi na mama yake, Célestine, vituo viwili vya basi kutoka kwetu. Wazazi wake ni wa Uvira, lakini yeye alizaliwa katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma. Hilo lilipojulikana kwenye chumba cha kubadilishia nguo, Japhet na wenzake wakampa jina. Bwana Mahema.

"Bwana Mahema, leo umekula mgao?"

"Mwacheni, anasubiri lori la mahindi."

Zephania aliyasikia hayo akiwa mlangoni, akacheka. Mnamsema vibaya leo, lakini jueni alicheka kwa nini. Kwao mtu aliyekulia bila watani ni kama amekulia bila ndugu. Mgogo anaweza kumwambia Mnyamwezi kwamba alizaliwa na mzigo kichwani, na Mnyamwezi akamjibu kwamba ng'ombe wake wana akili kumzidi, kisha wakala sahani moja. Mtani ndiye anayekucheka ukiwa hai na ndiye anayekuja kukuzika. Aliporudi nyumbani aliniambia, kwa furaha kabisa, "Yule Mkongo wamempokea. Tayari wanamtania."

Nami nilidhani hivyo.

Lakini Wakongo wa Uvira na Wanyamwezi hawana utani wowote kati yao, na Akili hakuwa anajibu. Alikuwa akifunga kamba za viatu vyake na kuondoka. Kimya kile Zephania alikiita adabu. Wachezaji wengine nao walianza kuondoka mmoja mmoja, Mganda, kisha ndugu wawili wa Kiswidi, kila mmoja na sababu yake ya kazi au masomo. Kutoka ishirini na sita tukabaki kumi na watano.

Alhamisi moja ya Februari, Akili alipokuwa anaoga, mkoba wake wenye nguo na simu ulirushwa juu ya paa la jengo la mazoezi. Aliyeurusha ni Japhet. Naandika jina lake kwa mkono wangu ili asije mtu kudai kwamba tulilificha. Akili alivaa tena jezi iliyolowa jasho, akaenda kusimama kituo cha basi katika baridi ya digrii kumi na moja chini ya sifuri. Jumamosi alilazwa kwa homa ya mapafu.

Jumapili baada ya ibada, Célestine alikuja kwetu. Nilimkaribisha kiti, akabaki wima na koti lake mwilini, limefungwa hadi shingoni.

"Sikukuya kukunywa chai, Mama Japhet. Nilikuya kuuliza."

"Uliza, mama," Zephania akasema.

"Mutoto wangu banamuita Bwana Mahema. Ile hema, Baba Japhet, mimi njo nilimuzalia ndani yake. Mu inchi yenu."

"Mama, ule ni utani. Vijana wanataniana."

"Utani." Alilirudia neno hilo taratibu. "Na yeye, anabaitaka namna gani?"

Niliona Zephania anatafuta. Alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba kile majira mawili ya ligi, na hakukumbuka hata jina moja ambalo Akili aliwahi kumpa mtu. Célestine akatueleza habari ya mkoba na hospitali, akatuaga kwa heshima na kutoka.

Japhet alikuwa jikoni. Akasema kwa Kiswidi, kama wanavyotujibu watoto wetu wote wakibanwa, "Det var ju bara på skoj, pappa." Yaani walikuwa wanacheza tu.

"Unacheza na mtu anayecheza," baba yake akasema. "Mkoba uko wapi?"

Mkoba ulikuwa bado juu ya paa.

Sasa nitaeleza sehemu yangu, ili msiipate kwa wengine. Nilimwambia Zephania amalize jambo hili kimyakimya. Japhet alikuwa ameomba kazi ya kufundisha michezo shuleni, na nilijua barua ya klabu ikimtaja ingemfuata kila aendako. Nilisema tuwapelekee matunda, tuombe radhi kama familia kwa familia, yaishe. Zephania alikuwa anavaa viatu.

"Jina letu unalotaka libaki safi, Asteria, sasa hivi liko juu ya paa pamoja na mkoba wa mtoto wa watu."

Aliazima ngazi kwa mlinzi wa jengo, akapanda na goti lake lile, akaushusha. Nguo zilikuwa zimeganda kama mbao. Nilizifua mimi mwenyewe na kuzipiga pasi, na sikusema tena habari ya matunda.

Kwenye mkutano mkuu wa klabu, katika chumba cha maktaba ya Tumba, Zephania alisimama mbele ya watu wote. Hakumlaumu nahodha kwanza. Alisema, "Mimi ndiye niliyecheka. Wao walinitazama, wakaona kocha anacheka, wakaendelea." Kisha akamvua Japhet unahodha, akamsimamisha msimu mzima, na akataka sababu iandikwe kwenye kumbukumbu. Iliandikwa. Kwa hiyo wanaosema alimkinga mwanawe waende wakaisome.

Shule ile haikumchukua Japhet. Miezi minne hakumsemesha baba yake, na nyumba yetu ikawa na watu watatu waliokula kwa saa tofauti.

Kisha ikaja kazi yenyewe, ambayo ilikuwa ndefu na haikuwa na sifa. Jumamosi tatu mfululizo Zephania alikwenda kwa Célestine akiwa ameubeba ule mkoba. Ya kwanza, hakufunguliwa. Ya pili, Célestine aliupokea mlangoni, akatazama nguo zilivyokunjwa, akamrudishia. "Aukamate yeye mwenyewe," akasema. Ya tatu, Akili alitoka, amekonda.

"Kocha, unataka nirudi ili ulale usingizi?"

"Nataka urudi ili unijibu."

"Nikujibu nini?"

"Chochote. Nilikucheka miezi kumi na sita. Una deni la maneno mengi."

Akili alimtazama tangu kofia hadi viatu. "Kwanza unatembea kama meza iliyokatika mguu," akasema, akachukua mkoba wake, akafunga mlango. Zephania alirudi nyumbani akinisimulia sentensi hiyo kama mtu aliyepewa zawadi.

Alipiga marufuku majina ya kupachikwa. Baadaye, Akili aliporudi, wawili hao wakaweka taratibu mpya. Huwezi kumpa mwenzako jina mpaka umwombe yeye akupe lako kwanza, hadharani, nawe ulipokee. Ukishampa mtu jina umekuwa mtani wake, na wajibu wake unaubeba: akiumia unambebea mkoba mpaka nyumbani, akilazwa unakwenda kumwona, akifiwa unakwenda kuosha vyombo. Chumba kilifagiliwa na wachezaji wa zamani, si wageni, na kocha alikuwa wa mwisho kutoka. Waswidi walicheka mwanzoni. Mmoja wao alipovunjika mkono akamwona Mkenya mlangoni kwake Tullinge, na mkoba begani, akaacha kucheka.

Msidhani mambo yakawa mazuri. Msimu ule walikuwa tisa. Waliazima wachezaji kwa wapinzani wao ili mchezo uweze kuanza, na walipoteza michezo yote. Walioondoka kwa sababu ya Japhet hawakurudi hata mmoja, isipokuwa Mganda. Japhet aliporudi baada ya adhabu yake, Akili hakumpa jina wala hakukubali jina kutoka kwake. Walicheza bega kwa bega, wakapasiana mpira, basi. Akili alimchagua Zephania awe mtani wake. "Wewe ndiye uliyecheka," alimwambia mbele ya wote, akamwita Mzee Meza. Zephania naye akamwita Mlango, kwa sababu ya ule aliofungiwa usoni.

Mwaka juzi kongosho la Zephania lilipatikana na saratani. Akili alikuja wodini kila alipotoka zamu, akiwa bado na sare zake za kazi, akamnyoa ndevu vizuri kuliko nilivyoweza mimi.

"Mzee Meza, wamekuweka dirishani ili uonekane una thamani?"

"Nyamaza, Mlango. Unaingiza baridi."

Siku moja, nikiwa nimeketi palepale, Zephania alimwambia, "Koti langu la kijani nakuachia wewe. Siku yangu ulivae, na filimbi. Usiponicheka nitaamka nikuaibishe."

Nilikataa. Nilisema hapa si Sikonge, kwamba kanisani watakuwepo mchungaji wa Kiswidi, wafanyakazi wenzake, Wakongo, Wahaya, watu wa kila namna wasiojua utani ni nini, na kwamba watasema. Zephania alikuwa amebaki mifupa, lakini alitabasamu.

"Watasema. Wewe umesoma, utawaandikia."

Alikufa Machi. Wiki tatu baadaye, kwa utaratibu wa nchi hii, tukamzika.

Wimbo wa pili ulipokwisha, Akili aliingia akiwa amevaa koti lile, filimbi shingoni, mkoba begani, anachechemea kwa mguu wa kushoto kama mwenyewe hasa. Akapuliza filimbi. Watu wakaruka vitini. Akasimama mbele ya jeneza.

"Mzee Meza, simama. Umeangushwa mara moja tu. Zimebaki tano."

Nilisikia mtu nyuma yangu akisema, "Yesu wangu."

"Mnyamwezi mzima, babu zako walibeba mizigo kutoka Tabora mpaka pwani, leo wewe unabebwa? Huoni haya? Nani atafagia chumba?"

Hayo ndiyo matusi yenyewe. Nimeyaandika yote. Wa kwanza kucheka alikuwa Japhet, kicheko kilichomtoka ghafla kama kikohozi, na kilipoisha alikuwa analia. Wachezaji wakafuata. Wengine wote walikaa wima wakiniangalia mimi, na mimi nilikaa kama nilivyofunzwa kukaa.

Wabebaji walipolinyanyua jeneza, Akili aliuweka mkoba wake sakafuni katikati ya njia, akasimama nyuma yake. Kwa desturi mtani huzuia njia mpaka wenye msiba wamridhishe. Ulikuwa mkoba uleule, niliutambua kwa mshono wa pembeni niliouziba mwenyewe. Japhet aliuacha mpini wa jeneza kwa mwenzake. Akatembea mpaka pale, akainama, akauokota, akautundika begani, akapita. Aliubeba hadi kaburini, na alisimama nao begani mpaka udongo wa mwisho.

Célestine alikuwa safu ya nyuma kabisa, koti limefungwa hadi shingoni. Alinipa mkono nje ya kanisa. Hakunipa pole, na sikuitegemea.

Basi, familia yangu haikunyamaza kwa aibu. Ilinyamaza kwa sababu mtani alikuwa anasema, na mtani akisema, wenye msiba hunyamaza. Klabu ya mume wangu ina wachezaji kumi na wanane sasa, na kocha wake anaitwa Akili.

Nasma ameniuliza, na wengine wamemtuma aniulize, wale wawili waliambiana nini pale kaburini Japhet alipomrudishia Akili mkoba wake, kama aliomba msamaha, na kama alipewa. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwao na nilisikia kila neno. Sitalisema kwa Nasma, sitalisema hapa, na anayekuja kwangu kuliuliza asijisumbue kuvua viatu.