Lori Lililonyamaza Siku ya Nikahi Yangu

Jamani, nichekeni tu, nimeshazoea, maana mji wetu mzima wa Koboko unajua kwamba mimi ndiye bwana harusi aliyefika ukweni Arua bila shangazi, bila sanduku la nguo za bibi harusi, na chanzo chenyewe ni masomo yangu.

Wakati huo, miaka ya themanini inaishia, nilikuwa nasomea uhandisi Kampala, utafiti wangu ukiwa juu ya kelele na mtikisiko wa magari, na nilipokuja nyumbani kuoa nikalikuta lori la mjomba Taban (dereva wa jeshi wa zamani, sasa akibeba tumbaku) linanguruma na kugongagonga mpaka meno yanauma, honi ilishakufa na hakuna aliyeihitaji. Nikasema hili ndilo la kujaribia! Nikashindilia vipande vya tairi kuukuu kila mahali chuma kilipogonga chuma, nikatandika magunia sakafuni, nikafunga sailensa ya pili kwenye bomba la moshi. Asubuhi ya nikahi tukaondoka Koboko kimya, mimi na mjomba tunaongea bila kupiga kelele, nami ndani ya kanzu nyeupe nimevimba kichwa kweli kweli.

Kijiji cha Lurujo, njiani, ndiko tulikopaswa kumchukua shangazi Kiden na sanduku. Barabarani hapakuwa na mtu.

"Hakuna mutu," mjomba akasema. "Wamama iko mbele zamani."

Nikakubali, tukapita.

Arua, uani pamejaa wageni, baba mdogo wa Zainabu, bibi harusi wangu, akanitazama kutoka juu mpaka chini. "Shangazi yako iko wapi? Sanduku iko wapi? Sisi hapana toa binti kwa mutu iko peke yake."

Badala ya kuomba radhi nikaanza kuwaeleza jinsi mpira unavyomeza mtikisiko (mbele ya wakwe!), watu wakaangua kicheko, hata sheikh mabega yalimcheza. Niliona aibu, lakini zaidi niliogopa, kwa sababu nilimpenda Zainabu na nilijua wakikasirika nimemkosa. Wakatupa muda mpaka alasiri tumlete shangazi na sanduku.

Tukarudi mbio Lurujo, tukamkuta shangazi ndani ya nyumba yake, amevaa, amejifukiza udi, ameketi juu ya sanduku.

"Siku zote mimi nasikia lori yenu kutoka mtoni, ndiyo natoka," akasema. "Leo imepita kama mwizi! Toa hii takataka yako, ama mimi hapana panda."

Nikaingia chini ya lori na kanzu yangu, nikachomoa kila kitu.

Tukaingia Arua tukinguruma, vigelegele vikatupokea kabla hatujaonekana, nikaozeshwa nikiwa nimejaa grisi mpaka kwenye kofia. Zainabu aliponiona alicheka mpaka akashika ubavu, nikafurahi kuliko siku zote.

Utafiti niliumaliza salama, namshukuru Mungu, ila niliapa: sinyamazishi tena gari la mtu kabla sijauliza nani hulisikiliza, na safari yoyote ya ukweni, shangazi apande kwanza ndipo injini iwashwe.